Chesi ya Pikapu ya Mama

Mafuta ya papa hayana adabu. Ukiyashika asubuhi, unaswali nayo adhuhuri na unalala nayo usiku, na kila unayempa mkono anaondoka nayo kwake. Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo kwa sababu ya vyombo vya baharini vilivyokuwa vikipakwa pwani. Mimi naijua kwa sababu ya gari, na juzijuzi imenifuata mpaka sebuleni kwangu, imo mikononi mwa mtoto wa binamu yangu.

Kijana huyo ana miaka ishirini na kitu, ana ndevu zilizochongwa vizuri na hana kazi inayomchosha. Alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, akakaa, akanisogezea simu yake nione picha. Ilikuwa bodi ya gari ya babu yangu, ambayo miaka yote hii imelala bandani Mbweni ikitagiwa mayai na kuku. Ameiosha, ameipaka mafuta ya papa milango yote, na amejipiga picha amesimama mbele yake kama bwana harusi.

"Shangazi, n'nataka kuifufua gari ya Babu," aliniambia. "Bodi bado nzima. Chesi ndo haifai. Ntatafuta pikapu kuukuu, n'ivue bodi yake, hii yetu n'ikalishe juu ya chesi ile. Siku hizi watu wanafanya, nshatazama video zao chungu nzima. Nambie tu, Mzee wako aliacha ramani?"

"Aliacha," nilimwambia. "Nliitia moto mwenyewe."

Nikamwambia pia kwamba bodi si nzima na haijawa nzima tangu mimi mtoto, na kwamba akaoshe mikono. Akaondoka amenuna. Harufu yake ilibaki kwenye mito ya kochi siku tatu, na katika siku tatu hizo sikuweza kufikiri jambo jingine.

Baba yangu alikuwa mtu wa kupanga. Mola amrehemu, nasema hivyo kwa sababu ni wajibu. Ukoo wetu zamani ulikuwa na mashamba, na ulipofika wakati wangu vilikuwa vimebaki nyumba ya Mbweni, banda, na gari iliyomo bandani. Baba alirithi sauti ya mwenye shamba bila ya shamba lenyewe. Alikuwa na kazi ya ukarani ya nusu siku, na nusu nyengine aliipeleka barazani Mji Mkongwe, kwenye baraza ya mawe iliyo nje ya nyumba ya rafiki yake, ambako wanaume sita au saba walikunywa kahawa na kuitengeneza dunia mpaka magharibi. Hakuna hata kimoja katika dunia kilichotengenezeka, lakini kahawa ilikwisha kila siku.

Mama alitoka kisiwa cha Tumbatu. Baba hakuacha wiki ipite bila ya kumkumbusha hilo, kwa upole, kama mtu anayekwambia nguo yako ina kiraka. Mama hakuwa na muda wa kujibu. Alikuwa akikodisha vyombo vya shughuli: masufuria ya pilau ambayo mimi niliweza kukaa ndani nikajifunika, masinia, mabirika, majamvi, na mabusati mazito ya kutandikia wageni. Alikuwa na kijiduka Mlandege cha kupokelea maagizo, na vyombo vyenyewe vilikaa nyumbani Mbweni, chumba kizima, mpaka dari. Shughuli ya mtu haingojei. Vyombo visipofika asubuhi, wapishi wanakaa bure, wageni wanafika hakujapikwa, na aibu ya mwenye shughuli yote inamwangukia aliyeahidi kuleta. Kwa hiyo kila kitu katika maisha yetu, chakula, ada za skuli, hata kanzu za Baba, kilikaa juu ya pikapu.

Pikapu ile Mama aliinunua pamoja na kaka yake, Mjomba Vuai, ambaye ndiye aliyeiendesha. Ilikuwa nyeupe, imechubuka, kioo cha pembeni kimoja tu, na haikuwahi kukataa kuwaka. Baba aliiita gari ya samaki. Haikuwahi kubeba samaki hata siku moja. Alikubali kuipanda anapokwenda mjini, lakini alimwambia Mjomba Vuai asimame mbali na baraza, akateremka, akakung'uta kanzu, na akamalizia kwa miguu ili wenzake wamwone anatokea mahali pasipojulikana. Mjomba Vuai alikuwa akimngojea ateremke, halafu ananitazama mimi na kuinua nyusi, basi. Nadhani dharau yangu nilijifunza kwenye nyusi zile.

Gari ya Babu ilikuwa nyeusi, ya Kiingereza, na milango yake ya mbele ilifunguka kinyume na gari nyengine. Ilikuwa haijatembea tangu kabla sijazaliwa. Injini ilikuwa imeganda, na chesi, yaani vile vyuma viwili virefu vinavyolala chini ya gari na kubeba kila kitu kilicho juu, ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari mpaka ukiigonga kwa kijiko inamwaga unga mwekundu. Barazani walishauri ipakwe mafuta ya papa na chokaa, kama chombo. Baba akapaka, au kwa usemi wa kweli, akamlipa mtu apake. Kutu haikujali. Lakini paka wote wa Mbweni walihamia chini ya gari ile, wakailamba usiku na mchana, na wakazaliana humo kwa wingi wa ajabu. Wageni wakija Baba alikuwa akiwaonyesha gari, na wageni walikuwa wakitazama paka.

Aliyeleta wazo la chesi ni Ami Seif. Si ndugu yetu wa damu, lakini kwetu kila rafiki wa baba ni ami. Huyu alikaa Maskati miaka miwili akiuza mipira ya magari dukani kwa mtu, akarudi mjuzi wa kila chenye injini. Kila sentensi yake ilianzia Maskati.

"Maskati wanafanya hivi," alisema siku hiyo, na mimi nilikuwepo, nimekaa ukingoni mwa baraza nikila kashata. "Gari ya kale, bodi nzuri, chesi mbovu. Wanatafuta gari ngumu, pikapu hasa, wanaivua bodi, wanachukua chesi na injini yake na kila kitu, wanaipandisha ile ya kale juu. Unaiona gari ya mfalme, kumbe chini mnyama."

"Pikapu," Baba alisema. Hakuna aliyeitaja ya Mama, na hakuna aliyefikiria nyengine.

Basi wakaanza kupanga. Nawaambia walipanga misimu miwili ya masika. Baba alinunua karatasi kubwa za wachoraji na kalamu ya rangi ya buluu, akachora gari kwa ubavu, kwa juu, kwa nyuma, na chesi chini yake kama mbavu. Wenzake wakaongeza mishale. Palizuka ugomvi wa wiki nzima kuhusu rangi ya viti, na watu wawili wakasusiana salamu kwa sababu ya honi. Katika muda huo wote hakuna mtu hata mmoja aliyeinama chini ya gari yoyote. Wangeinamaje? Walivaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, na mtu wa baraza halali mchangani mbele ya watu. Kulala chini ya gari ni kazi ya wenye nguo chafu, na wao waliwaita hao pale tu kila kitu kilipokwisha amuliwa.

Mimi wakati ule niliona maajabu. Nilikuwa na miaka minane, na Baba alikuwa akinichukua barazani kwa sababu nilikuwa msafi na mkimya. Na naomba mnisikilize hapa, kwa sababu ndipo ujinga wangu ulipokaa. Waliposema watabadilisha chesi, mimi nilielewa ni kubadilishana, kama mimi na binamu zangu tulivyobadilishana nguo za sikukuu siku ya pili, wewe vaa yangu, mimi nivae yako. Gari ya Babu itapata chesi ya pikapu, na pikapu ya Mama itapata chesi ya Babu, ya Kiingereza, ya heshima. Gari mbili zitalala na gari mbili zitaamka. Nilifurahi kwa ajili ya Mama. Nilidhani Baba anamtayarishia kitu cha kumshangaza, na ndiyo maana wananyamaza anapoingia.

Vipimo vyao vilikuwa hivi. Jioni moja Baba alitoka kuoga, amevaa ndara za mpira, akaenda bandani akapima gari ya Babu kutoka katikati ya mpira wa mbele mpaka katikati ya mpira wa nyuma, kisigino kwa ncha, kisigino kwa ncha. Ndara kumi. Ijumaa iliyofuata alirudi kutoka msikitini, amevaa makubadhi yake ya sikukuu yenye ncha iliyokunjuka mbele, akapima pikapu ya Mama uani vile vile. Kumi. "Subhanallah," alisema, "kama mapacha!" Akaandika kumi mara mbili kwenye ramani na kuizungushia duara. Kubadhi lilizidi ndara kwa upana wa kidole gumba. Zidisheni wenyewe.

Yakabaki matundu. Bodi ya gari hushikwa kwenye chesi kwa boliti, na boliti zina matundu yake, na hata Ami Seif alijua kwamba matundu lazima yalingane. Kuyaona kunataka kulala chini. Baba akaniita.

"Lebeka, Baba."

"Njoo, injinia wangu. Shika kamba hii ya katani. Ingia chini ya gari ya Babu, uinyooshe, na kila unapoona boliti inaingia kwenye chuma kirefu, piga fundo. Halafu nenda chini ya pikapu na kamba ile ile, utazame vifundo vinaangukia wapi. Umefahamu?"

Hakuwahi kuniita injinia. Hakuwahi kuniita kitu chochote ila kwa kazi ya maji na ya kuleta viatu. Niliingia chini ya gari ya Babu kama naingia peponi, nikawasukuma paka, nikapiga mafundo matano upande mmoja na matano upande wa pili. Kisha nikalala chini ya pikapu ya Mama, nikanyoosha kamba. Matundu yalikuwa manne kila upande. Fundo la kwanza lilikaa vizuri kwenye tundu la kwanza. La pili liliangukia kwenye chuma kitupu, la tatu pia, na tundu la mwisho lilikuwa mbali na fundo la mwisho, mbali kabisa, mkono wangu haukufika.

Nilijua. Sitaki mtu anitetee hapa kwa utoto. Mtoto wa miaka minane anajua tofauti ya nne na tano.

"Je?" Baba aliuliza kutoka juu. Niliona makubadhi yake na ukingo wa kanzu, na nyuma yake viatu vya Ami Seif. "Yanalingana?"

"Yanalingana, Baba."

"Yote?"

"Yote."

Alicheka kwa furaha, akamwambia Ami Seif, "Si nilikwambia? Damu ya babu yake hii." Nilibaki chini ya gari kidogo, kwa sababu sikutaka maneno yale yakome.

Nafasi yao waliipata siku chache tu baadaye, alipofariki mama mkubwa wa Mama kule Tumbatu. Mama na Mjomba Vuai walikwenda mazikoni Jumapili, na pikapu wakaiacha Mbweni kwa sababu hawakutaka ikae siku nne juani pwani ya Mkokotoni, wakati wao wamevuka kwa chombo. Walikuwa warudi Alhamisi. Jumamosi yake palikuwa na harusi Michenzani, shughuli kubwa kuliko zote Mama alizowahi kupewa, masufuria yote na mabusati yote, na ilikuwa katika miezi ya harusi ambapo huwezi kupata gari ya kukodi hata kwa kulia. Mama alimwambia Baba mlangoni, mbele yangu, "Pikapu isiguswe. Nna shughuli ya watu."

"Aiguse nani?" Baba alijibu.

Jumatatu asubuhi baraza nzima ilihamia Mbweni. Walitandikiwa jamvi la Mama kivulini, na dele la kahawa likawekwa katikati. Baba alimwita fundi wa kukata na kuchomelea chuma, mtu mfupi anayeitwa Makame, na vijana wa mtaani kumi na wawili wa kunyanyua. Makame alikuja na futi yake ya chuma kiunoni. Alizunguka gari mbili, akakuna kichwa.

"Mzee, nani kapima?"

"Tumepima," Baba alisema.

"Hebu n'angalie na mimi, mara moja."

"Wewe umeitwa kukata. Hukuitwa kuuliza."

Makame akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu nilikuwa mtu pekee wa nyumba ile asiyevaa kanzu. "Mwanangu, matundu yanalingana?" aliniuliza taratibu. Hiyo ilikuwa nafasi yangu ya pili, na boliti zote za pikapu bado zilikuwa zimekazwa. Nikamwambia ndiyo. Akainua mabega, akachukua spana.

Jumatatu waliivua pikapu. Kibanda cha dereva na karai la nyuma la kupakilia mizigo viliwekwa chini ya mnazi, na chesi ikabaki uchi na injini yake, ndefu kuliko nilivyodhania. Jumanne waliinyanyua bodi ya gari ya Babu kwa magogo, paka wakatawanyika kila upande, wakaiteremsha juu ya chesi, na haikukaa. Mipira ya nyuma ilitokeza nyuma ya mahali pake, usukani ulitokea karibu na kiti cha abiria, na hakuna boliti hata moja iliyoona tundu lake isipokuwa ile ya kwanza. Halafu kila mwanamume pale alipata rai yake kwa wakati mmoja.

"Maskati," Ami Seif alisema, akiinuka kutoka jamvini na kikombe mkononi, "wanakata katikati, wanatoa kipande, wanaunga. Kazi ya saa moja."

"Mzee," Makame alimwambia Baba, na alikuwa ameshaivua miwani yake ya giza, "hii bado pikapu. Sasa hivi n'naweza kuirudisha, jioni inatembea. Nkishakata, hairudi."

Baba alitazama jamvi. Walikuwa wakimtazama wote saba, na kahawa inapoa. Nimemwona mtu yule katika hali nyingi, lakini sura yake ya pale ndiyo ninayoidharau kuliko zote, sura ya mtu anayeogopa marafiki kuliko anavyoipenda nyumba yake.

"Kata," alisema.

Makame akakata. Akaunga jioni ile na asubuhi ya pili, na kwa kuwa ardhi ya uani haikuwa sawa na hakuna aliyemruhusu kungoja mbao za kunyooshea, chesi ilitoka imepinda, mguu mmoja juu. Jumatano adhuhuri walinyanyua bodi ya Babu mara ya pili. Ilipofika hewani ilitoa mlio kama mtu anayejikohoza, ikakunjika kiunoni, na milango minne ikafunguka kwa pamoja. Haijafungika mpaka leo. Mtazameni vizuri yule kijana katika picha yake, anaushikilia mlango kwa mgongo.

Wanaume walivaa viatu vyao mmoja mmoja. Mmoja alikumbuka miadi. Nilimwendea Baba, nikamuuliza kwa nia njema kabisa, "Baba, na pikapu ya Mama tunaipandisha lini kwenye chesi ya Babu?"

Alinitazama kama nimezungumza lugha ya mbali. Ami Seif ndiye aliyecheka. "Chesi ya Babu yako? Ile hata kuku hapandi juu yake!" Na waliokuwa bado hawajaondoka wakacheka naye. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba ya Mama haikupangiwa kitu. Misimu miwili, karatasi zile zote, mishale ile yote, na hakuna hata mstari mmoja uliochorwa kwa ajili ya kile kibanda cheupe kilichokaa chini ya mnazi. Niliwachukia papo hapo, mmoja mmoja, kwa majina yao. Bado nawachukia, na wengi wao nimekwenda mazikoni kwao.

Mama alirudi Alhamisi alasiri, amevaa buibui la safari lenye vumbi, na Mjomba Vuai nyuma yake na kikapu. Walisimama uani. Mjomba Vuai alikwenda akagusa chuma pale kilipoungwa, akatembeza kidole, akarudi. Hakuinua nyusi safari hii.

"Hongereni," alisema, akaenda kukaa nje ya geti.

Baba alianza kueleza. Mambo yako njiani, fundi hakuwa hodari, chuma cha siku hizi, Maskati. Mama alimwacha aseme mpaka akakaukiwa.

"Nani kapima?" Mama alimuuliza.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa jiko. Baba aliniona, nina hakika aliniona, kwa sababu macho yetu yalikutana. Nililingoja lile neno injinia litoke kinywani mwake, sasa kwa sauti nyengine.

"Mimi," Baba alisema. "Nimepima mimi."

Mama akatikisa kichwa, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Jumamosi alfajiri tulipakia vyombo kwenye gari tatu za ng'ombe. Toka Mbweni mpaka Michenzani, ng'ombe hana haraka na harusi ya mtu. Masufuria yaligongana njia nzima, watu wakatoka milangoni kutazama, na Mama alitembea mbele kwa miguu, uso wazi, akiwasalimia waliomsalimia. Tulifika jua limeshakuwa kali. Wapishi walikuwa wamekaa kitako, mama wa bibi harusi alikuwa akipiga kelele dirishani, na nusu ya vyombo walikuwa wameshavichukua kwa mtu mwengine. Habari ile ilienea mji mzima kabla pilau haijaiva. Walioagiza walikuja dukani mmoja mmoja kuvunja, wengine hata hawakuja. Mama alifunga kijiduka cha Mlandege kabla ya mwezi wa Ramadhani, akauza masufuria, akaenda kuosha masufuria ya watu wengine. Baba aliendelea na baraza.

Lakini siku ile ilikuwa bado ni ya kubeba. Wenye harusi walikaa ghorofa ya juu kabisa, na mabusati lazima yapande kwa ngazi. Mama alishika ncha moja ya busati, mimi nikashika nyengine, yeye juu, mimi chini, tukawa tunapanda na kupumzika, kupanda na kupumzika. Tulipofika kwenye kona ya ghorofa ya pili alisimama. Hakunigeukia.

"Nani aliingia chini ya gari?"

"Baba," nilisema.

"Baba yako hajapata kulala chini kwa ajili ya kitu chochote tangu nimjue. Gauni lako la buluu nimelifua mimi jana, mgongo mzima mafuta ya gari."

Juu yetu wanawake walikuwa wakipiga vigelegele, na chini mtu alikuwa akigombana na ng'ombe.

"Matundu yalilingana?"

"Hayakulingana."

"Ukijua?"

"Nlijua."

Nilingoja kofi. Nililitaka, nakwambieni kweli. Sijapata kuona haya namna ile tena maishani, na kofi lingekuwa raha. Mama alipumua, akalisogeza busati begani.

"Baba yako kakusitiri," alisema. "Ndo jema alilolifanya wiki nzima hii, basi usimharibie. Na mimi sijui kitu. Haya, shika vizuri, lisiburure."